Karatasi Saba: Kabla Hujamlaza Ndege Wako Mezani

Ndugu zangu wafugaji wa ndege, asanteni kwa kunialika, na asanteni kwa kuja.

Kabla sijasema mengi, naomba mtazame hapa mezani. Hii ni mizani ndogo ya jikoni, ya kupimia gramu. Na hizi ni karatasi saba za A4, zile za kawaida za kuandikia. Ninazikunja, ninaziweka juu yake. Inasoma 35. Mama, naomba uzipokee, uzipitishe kwa wenzako, kila mmoja azishike kidogo kiganjani. Huo ndio uzito wa yule kasuku mdogo wa asili ya Australia, mwenye michirizi kichwani, ambaye nadhani nusu yenu mnaye nyumbani. Ndani ya karatasi hizo saba mna moyo, mapafu, ini, figo, na kiburi cha kutosha kumwendesha mwenye nyumba.

Niliombwa nizungumzie upasuaji mkubwa kwa ndege wa nyumbani. Nilikubali, ila niliwaonya walionialika kwamba kisu sitakizungumzia sana. Kisu ni kazi yangu. Kinachonileta hapa ni swali ambalo watu huniletea likiwa nusu. Huuliza, "Daktari, atapona?" Nusu ya pili hawaiulizi, nayo ndiyo inayoninyima usingizi: akishapona, ataishi vipi? Atakula mwenyewe? Atachambua manyoya yake? Atakuamsha alfajiri kwa makelele kama zamani, mpaka umfunike na kitambaa?

Nina sababu ya kulishikilia swali hili. Nilipokuwa daktari kijana nilikuwa na ndege wangu, dume wa wale kasuku wenye kishungi, hajafika hata gramu 100. Uvimbe ulimwota kwenye bawa. Nikautoa. Ukarudi. Nikautoa tena, safari hii na sehemu ya bawa. Kwa wiki sita nilimvika kola shingoni asijidonoe, nikamlisha kwa bomba la sindano lenye mrija, chakula kikaingia moja kwa moja kwenye gole, ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo ya ndege. Kidonda kilifunga vizuri ajabu. Nilikipiga picha nikawaonyesha wenzangu kazini. Jioni moja dada yangu alikuja kunitembelea, akavuta kiti mbele ya tundu, akatazama kwa muda, kisha akauliza, "Kaka, huyu siku hizi hapigi mluzi?"

Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho kuusikia ule mluzi. Sikuweza. Nilikuwa nimepima uzito, nimehesabu mishono, nimeandika vipimo vya dawa, na hakuna mahali popote nilipoandika kwamba ndege amenyamaza. Kidonda kilipona, ndege hakupona. Alikufa siku chache baadaye, kola bado iko shingoni.

Sasa tuuangalie mwili wenyewe, maana mtu hawezi kuamua kwa busara juu ya kitu asichokijua. Ndege hana kiwambo kama chetu kinachotenganisha kifua na tumbo na kuvuta pumzi. Anapumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kidari, na hewa inazunguka kwenye vifuko vya hewa, kwa ndege wengi ni tisa, ndipo inapita kwenye mapafu. Ndiyo maana ukimshika ndege kwa kumbana kifua unaweza kumuua mkononi ukidhani unamtuliza. Na ndiyo maana akilazwa chali mezani, viungo vya tumboni vikavilalia vifuko vile, na dawa ya nusukaputi ikailegeza misuli, lazima awepo mtu wa kumsaidia kupumua na kumhesabia pumzi moja moja. Mtu huyo asiwe mimi ninayeshona. Awe mwingine.

Kuna joto. Mwili wa ndege uko kwenye nyuzijoto 40 hadi 42. Ukimng'oa manyoya sehemu ya kupasua, ukampaka dawa ya kusafisha ngozi, ukamlaza bila kutikisika, mwili mdogo namna hiyo unapoa upesi kuliko chai kwenye kikombe. Kuna ndege ambaye upasuaji wake umekwenda salama na baridi ikamuua.

Kuna damu. Damu ya ndege ni takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Mwenye gramu 35 ana mililita tatu na nusu, haijai kijiko cha chai. Ndege mzima anaweza kuvumilia kupoteza sehemu ya kumi ya damu hiyo bila shida kubwa. Kwa matone, ni kama saba. Pamba ya kufutia masikio inaweza kunywa matone saba kabla hujaiona imelowa.

Na kuna njaa. Sisi wanadamu tukisubiri upasuaji tunaambiwa tusile tangu usiku. Kasuku mdogo ukimlaza na njaa usiku kucha, sukari ya mwilini inaisha kabla hata hajafika mezani. Lakini gole likiwa limejaa, chakula kinaweza kurudi kooni na kumkaba. Kwa hiyo tunahesabu saa chache tu, kulingana na ukubwa wa ndege, na tunapapasa gole kwa kidole kabla ya kuanza. Mkiambiwa muda wa kumnyima chakula, ufuateni huo huo, msiongeze kwa nia njema.

Siwaambii haya ili muogope. Ndege wengi hupasuliwa wakarudi nyumbani. Yai lililokwama hutolewa, mfupa wa mguu huungwa, gole lililoungua kwa chakula cha moto hushonwa, uvimbe wa juu ya ngozi huondolewa. Ninachosema ni kwamba nafasi ya kukosea ni ndogo, na mara nyingi ndege anatufikia akiwa ameshaitumia yote.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sijui kama walikuwa wanatazama ndege, lakini sijawahi kuona mficha maradhi kumzidi. Porini mwewe humchagua anayebaki nyuma ya kundi, kwa hiyo mgonjwa hujitahidi aonekane mzima mpaka nguvu zimwishe. Ukimkuta asubuhi amejitutumua manyoya, macho yamelegea, amekaa kwa miguu yote miwili badala ya kukunja mmoja, mkia unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi, usiseme ameugua leo. Leo ndiyo siku aliyoshindwa kuficha. Mara nyingi basi jibu langu la kwanza huwa ni "si leo". Tunamweka kwenye joto, tunampa maji na chakula, tunatuliza maumivu, siku mbili tatu, kisha tunaangalia kama ana mwili wa kuvumilia meza. Watu hulalamika kwamba nachelewesha. Kuna dharura zisizosubiri, kwa mfano ndege anayetokwa damu au aliyezibwa koo, lakini ni chache kuliko mnavyodhani.

Mzee mmoja aliniletea kasuku mdogo wa kiume anayechechemea. Alikuwa na hakika mguu umevunjika. Haukuwa umevunjika. Ile ngozi laini juu ya mdomo, ambayo kwa dume wa rangi ya kawaida huwa ya buluu, ilikuwa imegeuka kahawia. Mnaofuga ndege hawa mnajua kahawia ni rangi ya jike. Kwa dume mzima, badiliko hilo linanifanya nifikirie uvimbe kwenye korodani, ambazo kwa ndege zimo ndani, jirani kabisa na figo. Neva ya mguu inapita humo humo kwenye figo, na figo zenyewe zimebanwa kwenye mifuko ya mifupa ya nyonga. Uvimbe ukikua huko, neva inaminywa, mguu unalegea. Picha zilithibitisha.

Nikamwambia sitampasua. Mzee akakasirika. "Unakataa kwa sababu ni kijindege tu?" Nikachukua penseli nikamchorea mahali uvimbe ulipo na mahali mshipa mkubwa wa damu unapopita, nikamweleza habari ya matone saba. Akanyamaza. Kisha akauliza swali ambalo ningependa kila mtu aulize: "Basi tufanye nini ili siku zilizobaki ziwe siku?"

Alishusha vijiti vyote vya kutulia mpaka karibu na sakafu ya tundu, akavizungushia kitambaa laini. Akatandika taulo chini. Mbegu akazitoa kwenye kile kikombe cha kuning'inia akaziweka kwenye sahani bapa. Dawa ya maumivu alimpa kwa saa, hakuruka hata dozi moja. Ndege yule aliishi wiki kadhaa akiimba, akijitazama kwenye kioo chake, akigombana na kengele. Asubuhi moja mzee alinipigia simu mwenyewe, mimi sikumwambia kitu. "Leo hakuigusa kengele," akasema. "Jana pia." Alijua wakati umefika, kwa sababu alikuwa anaangalia mahali panapostahili kuangaliwa.

Sasa nije kwenye kipimo. Mwaka 2004 daktari wa wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, alitoa mizani ya kupima maisha ya mnyama mgonjwa. Ina vipengele saba: maumivu, njaa, maji, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila kimoja unakipa alama kuanzia 0 hadi 10, na jumla inayozidi 35 inahesabiwa kuwa maisha yanayokubalika. Aliitunga kwa ajili ya mbwa na paka. Mimi huitumia kama fimbo ya kutembelea, siiachii iamue safari. Alama za ndege zinadanganya kirahisi, kwa kuwa yeye mwenyewe anadanganya. Maumivu ya mbwa utayasikia. Ya ndege utayaona kwa yale aliyoacha kuyafanya.

Kwa hiyo nawaomba kitu kimoja chenye kazi, na mkifanye wiki hii, ndege wenu wakiwa wazima. Chukua daftari, andika mambo matano ambayo ndege wako, huyo wako na si ndege kwa jumla, anayafanya kila siku. Binti mmoja wa shule aliniletea orodha kama hiyo siku ya kumleta kasuku wao wa kijivu, ambaye bawa lake lilikuwa limepondwa na mlango na halikuwa na namna ya kuokolewa. Alikuwa ameandika: anaoga kwenye bakuli kila baada ya chakula cha mchana. Analia kama simu mpaka mtu ainuke. Anakula kwa mguu wa kushoto. Anajichambua mgongoni jua likiingia dirishani. Anaichukia kofia ya baba.

Tulilikata bawa. Baba alilia pale pale, akisema mtoto wake hataruka tena maisha yake yote. Nikamuuliza, aliruka lini mara ya mwisho? Akafikiri. Ilikuwa miaka mingi. Ndege yule alikuwa anatembea na kupanda, na kasuku hupanda kwa mdomo kama mkono wa tatu. Kilichompungukia kilikuwa kikubwa machoni petu kuliko kwenye siku yake. Ingekuwa mguu ningefikiri mara mbili zaidi: ndege mzito wa mguu mmoja anauegemeza uzito wote kwenye unyayo mmoja, na baada ya muda unyayo unaota vidonda vibaya. Na kasuku wa kijivu huweza kuishi miaka 40 na zaidi. Uamuzi wa dakika kumi kwenye chumba changu unakwenda kuishi miongo nyumbani kwenu.

Siku ya tano alianza kula kwa mguu wa kushoto. Siku ya nane alilia kama simu. Siku ya kumi na moja yule binti alinipigia akicheka hata sikumwelewa vizuri. Baba alikuwa ameingia na kofia, na ndege amemfokea.

Hayo ni kwa nyumbani. Kwa daktari mna haki ya kuuliza, na msione haya. Umewahi kuwalaza ndege wangapi wa aina hii? Nani atamwangalia pumzi? Atapashwa joto kwa kitu gani? Atapewa dawa gani ya maumivu, kabla na baada? Daktari anayeudhika kwa maswali hayo, mshukuruni, mwondoke.

Lakini swali moja ni la daktari kwenu, na asipowauliza mlilete wenyewe. Nikimfungua nikakuta uvimbe umesambaa, nimwamshe, au nisimwamshe? Lijibuni mkiwa mmekaa, mmetulia, baba na mama na watoto wakubwa, siku moja kabla. Msingoje simu ya katikati ya upasuaji, mko barabarani, mkono unatetemeka. Nimepiga simu hiyo mara nyingi. Wenye jibu tayari hulia kisha husema neno. Wasio nalo husema "fanya lolote", na hilo lolote ndilo linalowarudia usiku. Mimi huandika jibu kwenye fomu na mwenye ndege anatia sahihi. Wapo wanaoniona mkatili kwa hilo.

Fedha nazo zizungumzwe. Mtu akiniambia hana uwezo wa upasuaji, namheshimu kuliko anayekopa kwa siri kisha akashindwa kununua dawa za wiki ya pili. Upasuaji bila matunzo ya baadaye ni nusu ya kazi, na nusu yenyewe ndiyo inayouma.

Mkishamrudisha nyumbani, mpunguzieni ukubwa wa tundu. Vijiti chini, chakula karibu, joto la nyuzijoto 28 hadi 30 upande mmoja wa tundu, na upande mwingine pawe pamepoa kidogo ili achague mwenyewe. Mpimeni kila asubuhi kabla hajala, kwa mizani kama hii, muandike. Bandu bandu huisha gogo, na kwa ndege gogo lenyewe ni karatasi saba: akipungua sehemu moja ya kumi mpigieni daktari siku hiyo hiyo, na sehemu hiyo haifiki hata uzito wa karatasi moja. Kwa macho hamtaiona, manyoya yanaficha. Tazameni na kinyesi. Kikiwa kidogo, cha kijani kilichokolea, na maganda ya mbegu yamejaa kikombeni, msidanganyike na maganda. Pengine anacheza na mbegu bila kuzimeza.

Na tafadhali, dawa za maumivu za binadamu zikae mbali. Kule India, Pakistan na Nepal tumbusi walikufa kwa mamilioni, na mwaka 2004 ikagundulika kwamba sababu ilikuwa diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Tumbusi walikula mizoga, figo zikaharibika. Mwaka 2006 nchi hizo zilipiga marufuku matumizi yake kwa mifugo. Mbadala uliopendekezwa, meloksikamu, ndiyo ambayo mimi huwapa ndege wangu mara nyingi, kwa kipimo nilichokipiga hesabu kwa gramu. Nusu kidonge cha bibi hakina hesabu hiyo.

Kama ana mwenzake, msiwatenge kabisa. Waonane, wasikilizane, hata kama ni matundu mawili ukutani. Nimeona ndege aliyekataa chakula siku nzima akaanza kudonoa kwa sababu tu mwenzake wa tundu la pili amedonoa. Ndege wa kundi hula wengine wanapokula. Na kama huna ndege wa pili, wewe ndiye kundi. Kaa karibu naye, ule.

Ikifika siku ya kusema inatosha, mjue inavyokwenda, ili msiiogope kupita kiasi. Ndege anavutishwa gesi ya usingizi kwanza, mikononi mwako ukitaka. Analala. Sindano inafuata akiwa hajui kitu. Aliyebaki, kama yupo, mwacheni aone mwili wa mwenzake kwa muda. Sina hakika anaelewa nini. Ninachojua ni kwamba wengine wakionyeshwa huacha kumwita mapema kuliko wasioonyeshwa, na hilo nimeliona kwa macho yangu nyumbani kwa watu, wala si zaidi ya hapo.

Nimeambiwa nisizidishe muda. Tena kuna mtu amenikatiza maneno tangu nilipotaja mluzi, yule pale safu ya tatu, kwenye tundu la kijani. Mama, yule ni dume? Mlete mezani. Hizo karatasi zirudishwe, tumpime kwanza yeye, na wewe ukianza kunitajia mambo yake matano mimi nitaandika.